Bwana Samahani Akataa Kutia Saini

Mume wangu ni dobi. Mimi nafua, yeye anapiga pasi. Chumba chetu cha mbele ndicho duka. Kina meza ndefu, pasi mbili, na kamba za nguo kutoka ukuta hadi ukuta. Ukiingia, inama, la sivyo utapigwa usoni na mguu wa suruali ya mtu.

Mtaani wanamwita Bwana Samahani, na jina limemkaa. Mteja akichelewa kuchukua nguo zake, mume wangu ndiye anayeomba radhi. Mtu akimkanyaga, yeye ndiye anayesema samahani. Siku moja alijigonga kwenye mlango, akauomba mlango radhi. Nilicheka mpaka nikakaa chini.

"Baba watoto," nilimwambia, "radhi zako zitatuponza."

"Samahani, mama watoto," akajibu.

Basi, asubuhi moja akaja mwenye duka la vioo, pamoja na askari polisi wawili. Jana yake alikuwa amechukua koti lake kwetu.

"Saa yangu ya dhahabu ilikuwa kwenye mfuko wa koti," alisema. "Ni saa ya marehemu baba yangu. Sasa haimo."

Mume wangu aliweka pasi pembeni. "Pole sana, mzee. Samahani. Ni kosa langu."

Mwenye duka akawageukia askari. "Mmesikia? Amekiri mwenyewe."

Nilitamani kumziba mume wangu mdomo, lakini wapi. Wakamchukua. Mteja mmoja aliyekuwa mlangoni akaomba nguo zake hapo hapo, zikiwa bado zinachuruzika maji. Niliogopa sana. Mume wangu angeweza kufungwa. Na hata asipofungwa, nani atampa nguo dobi mwizi?

Nilikimbilia kwa jirani yangu. Yeye ni msaidizi wa kisheria. Ofisi yao huwasaidia bure watu wasioweza kumlipa wakili. Nilimkuta anamsuka binti yake. Nilipomweleza, alisimama na chanuo mkononi, binti akabaki na nywele nusu.

"Shoga, umemwambia mumeo anyamaze?" aliuliza.

"Yule? Yule anaongea hata na milango."

"Basi tuwahi. Mdomo uliponza kichwa."

Njiani alipiga simu ofisini kwao kumwita wakili. Mimi nilikuwa nimefunga pesa kwenye ncha ya kanga, nimpe askari amwachie mume wangu. Jirani aliona fundo lile.

"Hizo rudi nazo nyumbani," aliniambia. "Ukitoa hongo, utakuwa umetenda kosa la kweli. Na usiende kupiga kelele kule. Tutauliza kwa upole, lakini tutauliza."

Kituoni tulimkuta mume wangu amekaa kwenye benchi, kalamu mkononi. Mbele yake palikuwa na karatasi iliyoandikwa tayari, na afande mmoja amesimama kando. Alifurahi kutuona.

"Mama watoto, usiwe na wasiwasi," alisema. "Afande anasema nikitia saini hapa, mambo yatakwisha."

Sitaficha, moyo wangu ulijaa furaha. Tia saini twende zetu, nilifikiri. Jirani akaniminya mkono.

"Shemeji," alimwuliza, "umesoma kilichoandikwa?"

"Miwani nimeiacha dukani."

"Umeomba usomewe?"

Mume wangu akainamisha kichwa. "Niliona haya kumsumbua afande. Ana kazi nyingi."

Jirani akamgeukia afande. "Tafadhali, afande, msomee. Ni haki yake kujua anachotia saini."

Afande hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amechoka, na alitaka kumaliza jambo moja aanze jingine. Akasoma: "Mimi ninakiri kwamba nilichukua saa ya dhahabu kutoka kwenye koti la mteja wangu."

Kalamu ilimponyoka mume wangu. "Mimi? Hiyo saa sijaiona hata ndotoni."

"Lakini ulisema ni kosa lako," afande akamwambia.

"Nilisema kwa adabu, afande. Mzee wa watu amepotelewa na kumbukumbu ya baba yake. Ningemwambia nini?"

Jirani akakaa kando yake. Alizungumza polepole, kama anavyozungumza na bintiye akifanya hesabu.

"Sikiliza, shemeji. Kutuhumiwa si kuwa na hatia. Wewe huna hatia mpaka mahakama iseme. Una haki ya kuambiwa unatuhumiwa kwa kosa gani, kwa lugha unayoielewa. Una haki ya kunyamaza. Una haki ya wakili, na ndugu zako wana haki ya kujua uko wapi. Hakuna ruhusa ya kukupiga wala kukutisha ili ukiri. Taja jina lako, usikimbie, usiseme uongo. Mengine ngoja wakili."

"Na karatasi hii?"

"Kama si maneno yako, usiitie saini. Ukishaitia, itasomwa mahakamani, na kuifuta ni kazi ngumu."

Mume wangu aliitazama ile karatasi. Miaka yote ya ndoa yetu sijawahi kumsikia akimkatalia mtu. Jasho lilimtoka. Nikamwonea huruma.

"Samahani, afande," alisema. "Sitii saini."

Afande akakuna kichwa. Kisha akaiweka karatasi pembeni. "Haya. Tumngoje wakili wako."

Nilitaka kumkumbatia mume wangu pale pale, lakini kituo cha polisi si mahali pake.

Wakili alifika mchana, akazungumza naye faragha. Maelezo yakaandikwa upya, yakasomwa kwa sauti, na mume wangu akasahihisha sentensi mbili kabla ya kutia saini. Kisha wakili akaomba dhamana. Kaka yake mume wangu akaja kuwa mdhamini. Jirani alinieleza kwamba dhamana ya polisi ni ahadi ya kurudi ukiitwa, si kitu cha kununua kwa askari. Jioni tulikula nyumbani sote.

Polisi waliendelea kuchunguza. Walipofika nyumbani kwa mwenye duka la vioo, binti yake akashangaa. Saa ilikuwa kwa fundi saa. Yeye ndiye aliyeitoa kwenye koti kabla halijaletwa kwetu, akaipeleka ibadilishwe mkanda, amfurahishe baba yake bila yeye kujua. Kesi ikaishia hapo.

Fikirini kama mume wangu angekuwa amekiri. Saa ingepatikana, na bado angekuwa na maneno mengi ya kueleza.

Wateja wamerudi. Sasa mume wangu ana utaratibu mpya. Hapokei nguo kabla mifuko haijageuzwa nje, mwenye nguo akiona. Zamani aliona haya kupekua mifuko ya watu. Siku hizi husema, "Samahani, tuitazame mifuko kwanza," na huitazama kweli.

Juzi mwenye duka la vioo alikuja na koti lile lile. Alisimama mlangoni, hata kuinama chini ya nguo alisahau, shati likamfunika uso. Akalisogeza.

"Dobi," alisema, "nilikukosea mbele ya watu. Samahani sana."

Mume wangu akafungua mdomo. Nikajua kinachokuja. Nikamtazama. Akaufunga, akafikiri kidogo.

"Nimekusamehe, mzee," alisema. "Kosa lilikuwa lako. Haya, tugeuze mifuko."