Supu ya Kwato na Majani ya Zambarau

Klik!

Kifuniko cha sufuria kiligonga jiwe la meko, gizani. Nikaganda.

"Nani huyo?"

Sauti ya mama mkwe, kutoka chumba cha ndani.

"Ni mimi, Mama. Nafukuza paka."

"Mfukuze, Nyar Lambwe! Hiyo supu ndiyo mguu wangu."

Jamani wasomaji... hapakuwa na paka. Mwizi alikuwa mimi!

Naitwa Awino. Nimeolewa hapa Suna nikitoka Lambwe, ndiyo maana wananiita Nyar Lambwe, binti wa Lambwe. Mama Filister, mama yake mume wangu Dishon, aliteleza mtoni akavunjika mguu. Kila Jumamosi Dishon analeta kwato za ng'ombe. Mimi nazichemsha kwa Mama, kutwa nzima, mpaka supu iwe nzito. Ikilala usiku inashika, inatetemeka kama ini. Kwetu mfupa uliovunjika unaungwa na hiyo.

Sasa sikieni shetani alivyoniingia.

Huu ni mwaka wa pili wa uhuru, na mimi nasoma masomo ya jioni. Nikienda, binti yangu Ajwang' anabaki kwa Dani, yaani bibi yake, Mama Filister. Anakula huko, analala huko, kama watoto wote wa kwetu.

Mwalimu wetu Machuki ana sinia ya jeli. Anaandika mtihani kwa wino wa zambarau, analaza karatasi juu ya jeli, wino unabaki pale. Halafu analaza karatasi safi, moja baada ya nyingine, na kila moja inatoka na maandishi!

Siku moja jani likaingia dirishani, likaangukia jeli yenye wino. Mwalimu akaliondoa, akalaza kitambaa kufyonza wino...

Yawa! Kitambaa kilitoka na jani zima! Mishipa yote, hata tundu la mdudu!

"Mwalimu, jeli hii inatengenezwa na nini?"

"Ngozi, mifupa, kwato. Kwani unataka kuila?"

Darasa likacheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimeshaona sufuria ya Mama Filister.

Nikaanza kidogo kidogo. Nachota ile iliyoshika, naiyeyusha na sukari kidogo, namwaga kwenye sinia ya bati. Ikiganda, napaka wino niliopewa na Mwalimu, napanga majani, nayabonyeza, nayabandua, nalaza kitambaa cha gunia la unga nilichokifua mpaka kikawa cheupe. Napapasa na kiganja, polepole. Halafu navuta...

Wasomaji, siwezi kuwaeleza ule utamu! Mara wino unazidi, linatoka doa tupu. Mara jani linateleza. Lakini likikubali, unaona kitu ambacho hakuna mtu Suna amewahi kukiona.

Vipande hivyo nilitaka kuviunga viwe blanketi la viraka, nilipeleke maonyesho ya akina mama Homa Bay. Mimi, Awino, nisimame pale niulizwe, "Nani ametengeneza?"

Shida ni kwamba jeli inaoza upesi. Lazima uchote nyingine. Na nyingine.

Na kwa sufuria? Nilijazia maji.

Juzi fundi wa mifupa, mzee Mokaya, akaja. Akaubonyeza mguu. Akanuna.

"Mfupa umelegea. Supu anakunywa?"

"Anakunywa kila jioni."

"Ile ya kunatisha midomo?"

Nikaangalia chini. "Ya kunatisha midomo."

"Basi sielewi. Asipokanyaga mwezi huu, atatembea na fimbo maisha yake yote."

"Supu ni tamu, Mokaya," Mama akadakia. "Nyar Lambwe hajaninyima kitu."

Hajaninyima! Neno hilo lilinichoma kuliko tusi.

Mokaya akamgeukia Ajwang', akamshika mkono mwembamba.

"Na huyu? Si surua ilishaisha?"

"Iliisha, baba," nikajibu. "Ni nyama tu haijarudi."

Mngedhani niliacha siku hiyo, sivyo?

Wapi! Kilibaki kipande kimoja, cha katikati. Nikajiambia, mara ya mwisho. Ndiyo ile ya paka.

Leo nimekitoa. Jani la mpapai, limefunguka kama mkono. Kizuri kuliko vyote. Nikakiinua kwenye mwanga... na furaha ikakataa kuja. Nilichoona ni mguu wa Mama.

Nikakiunga katikati. Masomo sikwenda. Nikabeba blanketi, nikakimbia kwa Mama, saa ya chakula, saa ambayo sijawahi kuwa pale.

Nikapiga magoti mlangoni.

"Mama, nimekuibia! Supu yako nimeimwaga kwenye sinia, wewe nikakupa maji! Mguu wako ni mimi! Nifukuze nirudi Lambwe, sitabisha!"

Nikamfunika miguu na blanketi. Majani ya zambarau kila mahali.

Mama Filister akalipapasa. Akafika kwenye lile jani la mpapai, akasimama hapo na kidole. Machozi yalikuwa yanamtoka.

"Nyar Lambwe... usinipigie magoti mimi."

"Mama?"

"Geuka."

Ndugu zangu, ukichota kwa siri kwenye sufuria ya mwenzako, usijidanganye kwamba unajua unamnyima nani. Mimi nilidhani najua.

Nikageuka. Ajwang' alikuwa amekaa kwenye mkeka, bakuli la Dani mapajani, kijiko mkononi, shingo kama ya kifaranga. Akaniangalia, akasema:

"Dani hunywa uji, supu yote hunipa mimi."