Makofi ya Kidole Kimoja

Mama Chiriku ni fundi cherehani. Mtaani anajulikana kwa utani; akikutania, hata wewe mwenyewe utacheka. Binti yake anaitwa Chiriku kwa sababu haishiwi maneno.

Alasiri moja mama alikuwa akishona vifungo vya sare. Chiriku alikuwa sakafuni akifanya kazi ya shule. Mwalimu wake akabisha hodi. Mama alidhani amefuata sare.

Mwalimu hakukaa. Alisema binti wa fundi viatu hajaonekana darasani siku nne. Amemwambia baba yake kuwa shule basi, harudi tena. Kila akisoma kwa sauti, wenzake humpigia makofi ya kidole kimoja juu ya kiganja, kumcheka. Aliyeanzisha ni Chiriku.

Sindano ilimchoma mama na hakuisikia. Mtoto wake huyu huyu?

"Mchezo huo umeutoa wapi?" aliuliza.

Chiriku akainamisha kichwa. "Kwako, mama. Baba akisoma gazeti polepole, si ndivyo unavyompigia?"

Mama alipigwa na butwaa. Ilikuwa kweli. Na mumewe siku hizi hata gazeti halishiki. Yeye alidhani amechoka na kazi tu. Aliona aibu mpaka akashindwa kumtazama mwalimu.

Baadaye akauliza kama amchape mtoto. Mwalimu alikataa.

"Kiboko hakitamrudisha mwenzake," alisema. "Amwambie jambo jema alilomwona akilifanya. Liwe la kweli. Akimwambia tu 'wewe hodari', atajua anadanganywa."

Chiriku alikaa kimya muda mrefu, jambo ambalo halijawahi kutokea nyumba ile. Kisha akasema yuko tayari.

Walikwenda kwa fundi viatu. Mama alimwomba radhi yule binti na baba yake. Chiriku akasema, "Nilipolia kwa hesabu za kugawanya, wewe ndiye uliyenielekeza. Sikukushukuru."

Mwenzake alimkodolea macho. "Kumbe unakumbuka?"

Jioni hiyo mama alimwomba mumewe radhi pia.

Asubuhi binti wa fundi viatu alirudi shuleni. Tangu hapo, kwa agizo la mwalimu, kila Ijumaa kila mwanafunzi humtajia jirani yake wa dawati jambo jema aliloliona kwake wiki hiyo. Mwanzoni walicheka kwa haya. Sasa wanaingoja siku hiyo.

Ijumaa ya tatu mwalimu aliuliza nani atasoma. Binti wa fundi viatu akasimama bila kuitwa. Mwalimu alishangaa hata akasahau kumwambia ukurasa.