Upande Haujaisha

Paka ndiye aliyeanza. Alikuja mlangoni mwa jikoni asubuhi, akakaa, akapanua mdomo kudai haki yake kama kawaida, na hakikutoka kitu. Mkunga alimtazama, akacheka. "Hata wewe umekaukiwa na koo?" akamwuliza, akammiminia maziwa. Hakuwa mwanamke wa kutishwa na vitu vidogo. Wodi ya wazazi ilikuwa imemfundisha kutofautisha la kukimbilia na la kucheka, na la paka alilicheka.

Kisha saa ya ukutani ikanyamaza. Mishale ilikwenda vizuri, ila mlio wake haukuwepo. Birika nalo likachemka mpaka maji yakakauka, kwa sababu filimbi yake haikulia na mkunga alikuwa chumba cha pili akimbadilisha mjukuu nepi. Hapo hakucheka tena. Alimfuata mumewe.

Mumewe alikuwa fundi redio mstaafu, na wenzake walimwita Nyaya. Kama una safari, usimwulize Nyaya habari za umeme. Alikuwa na ugonjwa wa amplifaya za zamani, zile za valvu, vichupa vya kioo vinavyowaka ndani kama kaa la moto, na wiki hiyo alikuwa amepata valvu nne kwenye jumba la sinema lililokuwa likibomolewa. Zilifichwa nyuma ya ukuta, zimefungwa kwa kitambaa chekundu kilichopigwa mafundo mengi mno kwa kitu kidogo namna ile. Mtu mwingine angejiuliza ni nani aliyezifunga hivyo, na kwa nini. Nyaya alijiuliza tu kama bado ni nzima, akazichomeka kwenye amplifaya yake.

"Nyumba imekuwa bubu, Babu," mkunga alimwambia.

"Ndiyo raha yake, Bibi." Nyaya hakuinua hata kichwa. "Jumamosi wenzangu wanakuja kusikiliza. Omba iendelee hivihivi."

Jumamosi alasiri wakaja wawili. Mmoja ni Besi, dereva wa lori mwenye kitambi cha heshima, mpenzi wa muziki unaotikisa mbavu. Wa pili ni Mwalimu, mzee mkavu wa hesabu ambaye hakuna spika iliyowahi kumridhisha. Walikuwa na sheria zao na walizishika kuliko za serikali. Simu ziliachwa sebuleni ndani ya beseni. Mlango wa chumba cha muziki ulifungwa, pazia zito likashushwa, na kuta zote zilikuwa zimeegemezwa magodoro ili sauti ya nje isiingie wala ya ndani isitoke. Santuri ikishaanza, hakuna kusema, hakuna kuinuka, hakuna kutoka mpaka upande mzima uishe.

Mkunga alikuwa jikoni alipomwona Kidege akilia. Alimwona, hakumsikia. Mjukuu huyo, aliyeachwa kwake na binti yake anayefanya kazi mbali, alikuwa amekaa mkekani, uso umekunjamana, machozi yanamchuruzika, ulimi unatetemeka, na sauti hakuna. Mkunga alimchungulia koo, akamwekea sikio kifuani. Pumzi ilikuwepo. Sauti ndiyo haikuwepo. Maisha yake yote alikuwa akiwangoja watoto walie, na hakuna kitu alichokiogopa kama mtoto asiyelia. Akamkumbatia, akaingia chumba cha muziki bila hodi. Mlango ukajifunga nyuma yake bila kishindo.

Ndani kulikuwa giza, isipokuwa valvu nne zilizowaka juu ya meza. Kulinuka marashi ya zamani na nywele zilizoungua.

"Babu, mtoto..."

"Sss!" wakamjibu wote watatu kwa pamoja.

Mwalimu ndiye aliyevunja sheria mwenyewe, tena kwa kunong'ona, macho ameyafumba. "Jamani, sijapata kusikia ukimya kama huu. Hakuna mkwaruzo, hakuna mvumo. Mweusi tititi."

"Na hiyo saa," Besi akanong'ona. "Mnaisikia? Kumbe studio walikuwa na saa ukutani."

Mkunga aliisikia. Ilikuwa ikichechemea kidogo kwenye kila pigo la pili, kama ilivyochechemea saa yao ya ukutani, ya marehemu mama yake, tangu mkunga alipoiangusha akiwa msichana. Nyuma ya waimbaji filimbi ya birika ikapanda polepole, na baada yake paka akalia, yule mwenye kudai haki yake.

"Hadi paka!" Besi akacheka kwa furaha.

Watu wengine wangetoka mbio. Hawa walisogeza viti mbele. "Ongeza kidogo, tusikie vizuri," Mwalimu akasema, na Nyaya, mume wake mwenyewe, akanyoosha mkono akaongeza.

Ndipo mtoto akalia ndani ya spika. Kilio kilipanda mara tatu, kikakatwa na kwikwi, kikafuatiwa na kuvuta kamasi. Mkunga akaangalia chini. Mdomo wa Kidege ulikuwa ukipanda na kushuka sawasawa na kile kilio, hata kwikwi ilipomtikisa kifua.

"Zima," akasema. "Zima sasa hivi! Huyo ni mtoto wetu!"

Nyaya akageuka, akamwona Kidege, na rangi ikamtoka. Akabonyeza swichi. Muziki ukaendelea. Akachomoa plagi ukutani, akaiinua juu waione wote. "Ni kapasita tu," akasema, akijikaza. "Zina chaji. Zitaisha. Subirini kidogo."

Wakasubiri, kwa sababu ndivyo wanavyofanya watu wanaojua amplifaya, wakazingoja valvu zififie, lakini badala ya kufifia zikang'aa zaidi, na ile harufu ya nywele ikawa nzito mpaka ikawakaa kooni, na Besi, ambaye hakuwahi kukimbia kitu maishani mwake, akainuka akaushika mlango, akauzungusha kitasa, akausukuma kwa bega, akaupiga kwa mwili wake wote, na mlango haukutikisika wala pigo halikusikika, kama vile alikuwa akipiga maji. Akafungua mdomo kuwaambia. Midomo ikacheza bure. Akajishika koo, macho yamemtoka pima, na kutoka spika ya kulia, wazi kabisa, kwa sauti yake mwenyewe nene ya kila siku, yakaja maneno ambayo hakuyasema.

"Kaeni. Upande haujaisha."

Mwalimu akaketi palepale alipokuwa, machozi yakimtoka, akisogeza midomo katika sala isiyosikika, na spika ya kushoto ikaisoma sala ile kwa sauti yake, ikairudia kinyumenyume, kisha ikacheka. Mkunga akamwita mumewe na hakujisikia, akajisikia upande wa pili wa chumba, akiita "Babu! Babu!" kutoka ndani ya kitambaa cha spika. Alitambua basi kwamba wangekufa humo, na nje wapita njia wangesikia muziki tu, kama ungesikika. Hakuwa na sauti ya kumweleza mtu. Akaukamata mkono wa Nyaya, akaubana juu ya koo la Kidege, akauacha hapo, mpaka mzee akahisi kwa vidole vyake mwenyewe jinsi koo lile dogo lilivyokuwa likitetemeka kwa kilio kilichokuwa kikitokea mahali pengine.

Nyaya akaifuata meza. Akaishika valvu ya kwanza kwa mkono mtupu, ikamuunguza, akaing'oa, akaipasua sakafuni, na mlango ukalia kwa mapigo yote ya Besi kwa mpigo mmoja. Akang'oa ya pili. Saa ikarudi sebuleni. Ya tatu, Besi akapiga ukelele kwa kinywa chake. Akaing'oa na ya nne, giza likatanda, vioo vikalia chini ya viatu, na Kidege akalia mikononi mwa bibi yake. Mkunga alicheka na kulia pamoja. Hakuna wimbo uliowahi kumpendeza kama kilio kile.

Siku iliyofuata Besi alimleta mtabibu, mama mmoja mpole mwenye miwani. Alizunguka vyumba vyote na kisomo chake, akafukiza, akainusa ile meza.

"Kimetoka," akasema, "ikiwa hamjabakiza chake. Mlivunja vichupa vyote?"

"Vyote," Nyaya akajibu, akiutazama mkono wake uliofungwa bandeji.

Paka akalia, birika likapiga filimbi, nyumba ikarudi kuwa nyumba. Mkunga alilala fofofo. Lakini alikuwa mkunga, na masikio ya mkunga hayastaafu. Anajua kilio cha njaa, cha usingizi, cha tumbo, na anajua kwamba hakuna mtoto anayelia mara mbili namna moja. Kidege alilia kwa njaa: mara tatu juu, kwikwi, kamasi. Alilia alipochomwa sindano ya chanjo: mara tatu juu, kwikwi, kamasi. Jioni moja mkunga aliinamisha sikio karibu na mdomo wake, na kabla ya kilio akasikia mkwaruzo mdogo, sindano ikitua juu ya santuri.

Alimkuta Nyaya karakana, amekaa mbele ya droo.

"Ya nne iko wapi, Babu?"

Mzee hakuinua macho. "Ilikuwa nzima," akasema kwa sauti ndogo. "Hata ufa haikuwa nao, Bibi. Mkono ulikataa."

Akavuta droo. Kitambaa chekundu kilikuwa kikiwaka kwa ndani, na hakukuwa na waya hata mmoja. Mkunga akaiokota nyundo benchini, akaiinua. Ndipo alipoisikia, hafifu, chini ya kioo: sauti ya mtoto ikigugumia na kucheka peke yake, ikijaribu silabi mpya ambazo Kidege, kule ndani ya nyumba, hakuwahi kuzitoa.

"Ukiivunja," Nyaya akanong'ona, "sijui kama sauti yake itarudi au itakufa nayo."

Nyundo ikabaki juu. Ndani, Kidege aliamka na njaa. Mara ya kwanza. Mara ya pili. Mara ya tatu. Mkunga akafumba macho akiomba isije, na kwikwi ikaja.