Wa Kwanza Kupanda Gurudumu

Mtoto alilia nyuma ya uzio wa mabati, na Suhad akainua kichwa kutoka kwenye kikombe chake cha chai ya ndimu kavu. Nyuma ya mabati hakukuwa na mtoto. Kulikuwa na shimo, mashine ya kuchimbia, na lile gurudumu kubwa la bustani ya bembea ambalo Basra nzima ililipanda utotoni, na ambalo tangu majira ya baridi lilikuwa limefungwa ili lisimikwe upya. Mafundi walikuwa wamekwenda kufuturu. Akasema moyoni ni paka, akaendelea kunywa.

Kazi yake ilikuwa kukaa kwenye dirisha la tiketi na kutukanwa. Mabati yale yaliwapandisha watu mori.

"Nimetoka mbali, Zubair, na watoto wote hawa, nije kutazama bati?" mwanamume mmoja alimfokea jioni ile.

"Vumilia, baba," mwanamke aliyekuwa nyuma yake alimjibu. "Wakijenga si kwa ajili yako? Likikudondosha utasema hawakulitengeneza."

"Wewe huna watoto, ndiyo maana."

"Ninao, tena wana adabu kukushinda."

Watu wakacheka, na hasira iliyombakia yule bwana akammalizia Suhad.

Meneja, Abu Ghayth, alikuwa na dawa ya watu hao. Alipiga marufuku neno "Inshallah" pale dirishani. "Mtu wa hapa ukimwambia Inshallah, anasikia hapana," alisema. "Waambie Idi litakuwa tayari. Basi." Suhad alijua ni uongo, maana fundi Jabbar alikuwa amemweleza jinsi shimo lilivyokuwa likijaa maji kila walipolikausha. Lakini alikuwa mjane mwenye binti mmoja, Nawar, aliyefanyia kazi zake za shule pale pale kando ya kiti cha mama yake, na mjane habishani na mwajiri.

Watu walipopungua, akaja mwanamke aliyelowa pindo la baibui. Harufu ya tope la kisima ikaingia dirishani.

"Dada, hizi kelele zitakwisha lini?" aliuliza kwa sauti ya chini. "Wanangu hawapati usingizi. Mnatwanga juu ya vichwa vyao."

Suhad alidhani anakaa mtaa wa nyuma. "Idi ikifika zimekwisha, dada yangu. Tena wanao ndio watakaopanda mwanzo, kabla ya mtu yeyote. Nimekupa neno langu."

"Hukusema Inshallah."

"Hapa hatusemi."

Mwanamke akageuka akamtazama Nawar, akamtazama sana. "Mzuri huyu. Wa kwako?"

"Wako," Suhad alijibu, kama anavyojibu kila mtu wa kwao aliyelelewa vizuri, chake kinaposifiwa. Na mwenzako, akiwa naye kalelewa vizuri, hukurudishia: abaki kwa mwenyewe, huko ndiko anakopendeza. Yule hakurudisha. Alitabasamu, akaelekea kwenye mabati, na Suhad alipotoa kichwa nje ili amwonyeshe lango lilipo, hakuona mtu. Alifunga dirisha upesi. Ukishinda kutwa ukisema uongo, mwisho husikii hata unachoahidi.

Siku ya Idi, shimo likiwa limezibwa kwa zege harakaharaka na gurudumu limesimikwa juu yake, umati uligonga mabati mpaka Abu Ghayth akaamuru yang'olewe. Jabbar akamfuata Suhad, mikono imejaa grisi.

"Mama Nawar, linazunguka zito," alinong'ona. "Hamna mtu hata mmoja ndani, lakini mashine inavuta kama vikapu vyote vya kupandia vimejaa."

"Mwambie meneja."

"Nimemwambia. Kasema niongeze grisi."

Basi tazama binadamu. Wale waliokuwa wakigonga tangu asubuhi, njia ilipofunguka, kila mmoja alimkaribisha mwenzake atangulie. Abu Ghayth akaja dirishani mbio. "Mpandishe binti yako. Wakiona mtoto wa mfanyakazi kapanda, watapanda."

Suhad akamshika Nawar mkono, na kila hatua waliyopiga ile harufu ya tope ilizidi, na alipofika chini ya gurudumu aliona viti vya vikapu vyote vimelowa ingawa mvua haikunyesha, na akasikia kutoka kwenye vikapu vitupu vicheko vidogo vya watoto wanaozibana midomo, na hapo akajua zamu ile ilikuwa ya nani na ni nani aliyeitoa, na maneno ya kusema ngojeni, hawa hatujawatimizia, yakamfika kooni kabisa, lakini akautazama umati, akamtazama Abu Ghayth, akaona atakavyoitwa mwendawazimu na mwanamke mwingine atakavyokaa kwenye kile kiti chake cha dirishani, akayameza, akambeba mwanawe kwa mikono yake mwenyewe.

"Mama, wamekaa," Nawar alisema.

"Nani?"

"Watoto."

"Banana nao kidogo," Suhad alisema, akafunga kijimlango.

Gurudumu lilipanda, likashuka. Mtoto aliteremka, watu wakapiga makofi, wakapanga foleni. Pindo la gauni lake la Idi lilikuwa limelowa. Jioni, alipowekewa sahani ya chakula, mtoto alisema kwa adabu, "Ahsante, shangazi."

Kesho yake alisema hivyo hivyo, na keshokutwa. Ndipo Suhad alipomwita mullaya, mama mtu mzima anayesomea watu. Mullaya alisoma, akasita, akafunga msahafu.

"Nifukuze nini hapa? Ningeitwa kwa mwizi ningemtoa. Huyu alikaribishwa, tena kwa mdomo wako."

"Nilisema kwa adabu tu, mama."

"Najua. Na kwenye kikapu, nako ulimpakia kwa adabu?"

Aibu ilimshika Suhad kuliko hofu. Alirudi kwa Abu Ghayth akamwomba alifunge gurudumu, alichimbue msingi, naye akamuuliza awaambie watu sababu gani. Sababu ilianzia mikononi mwa Suhad mwenyewe, akashindwa kuitamka.

Gurudumu likizunguka, muziki wake hauruhusu kusikia kitu. Lakini asubuhi moja, kabla halijawashwa, Suhad alisimama pale na yule mtoto, na kutoka chini ya zege ikaja sauti nyembamba, ikiita mama.

"Shangazi," mtoto alisema, akimvuta mkono, "kuna mtu analia huko chini."

"Namsikia."

"Ni nani?"

"Mwanangu."

Mtoto alimtazama kwa huruma ya kweli. "Sasa mbona ulimgawa?"

Langoni watu walikuwa wameshaanza kupiga kelele kwamba wamechelewa kufunguliwa, na Jabbar akawasha mashine.