Kijiko cha Bi Utulivu

Kila siku kengele ya saa tisa ilipolia, wanafunzi wengine walikimbilia kwao, lakini Inspekta alikuwa na mzigo wa kuupitia kwanza. Alikata kona kwenye karakana ya fundi wa kuchomelea vyuma, akapita mbele ya duka la dawa, akateremka ngazi sita hadi kwenye mlango wa buluu. Huko ndiko mdogo wake alikoshinda.

Jina la Inspekta hakupewa na polisi. Alipewa na mama yake, kwa sababu msichana huyo wa miaka kumi na miwili hakuweza kuona kitu asikiulizie. Sukari ikipungua koponi, yeye ndiye aliyejua ilianza kupungua lini. Mjomba akija na viatu vipya, yeye ndiye aliyeuliza vya zamani vimekwenda wapi. "Wewe utakuja kumhoji hata bwana harusi wako," mama alimtania.

Mdogo wake, mwenye mwaka mmoja na nusu, aliitwa Ngurumo. Alilia kwa sauti ya kuamsha mtaa na kucheka kwa sauti hiyo hiyo. Baba yao alikuwa mbali akijenga barabara, na mama alipiga pasi mashuka ya hospitali tangu asubuhi hadi jioni. Ilibidi atafutwe mtu wa kumlea Ngurumo mchana, na mtaani hakuna aliyesifiwa kama Bi Utulivu. Kina mama ndio waliombandika jina hilo. Watoto watano walishinda chumbani mwake na usingesikia hata chafya.

Wiki mbili za kwanza Ngurumo alinguruma huko hadi sauti ikamkauka. Wiki ya tatu akanyamaza ghafla, kama redio iliyochomolewa kwenye umeme. Kila mtu alifurahi. Tena tuseme ukweli wote: Inspekta naye alifurahi. Alimbeba mdogo wake hadi nyumbani, akamlaza, akafanya hesabu zake bila kuvutwa daftari. Mwezi ule alipata alama themanini na mbili, jambo ambalo halikuwahi kutokea tangu aanze shule.

Lakini macho ya Inspekta hayakuzoea kufurahi kwa muda mrefu.

Zamani Ngurumo hakuweza kupita karakana bila kuzinyooshea kidole cheche za fundi na kupiga ukelele, "Moto!" Sasa alizitazama kama anayetazama ukuta. Kope zake zilikuwa nzito. Akisimamishwa, magoti yalilegea, akakaa chini bila hata kulalamika. Akitiwa chakula mdomoni, alisahau kukitafuna.

Ajabu zaidi ilikuwa Jumamosi. Siku hiyo mama hakwenda kazini na Ngurumo alikaa nyumbani, lakini badala ya kuchangamka aligeuka mwiba. Alilia bila sababu, akajikuna, akatupa kikombe, na usingizi ukamkataa. Jumapili mchana alianza kuwa yeye tena. Jumatatu alasiri Inspekta alikabidhiwa gunia lile lile lililolegea.

Inspekta akaanza uchunguzi. Je, hapewi chakula? Je, anapigwa? Alimvua nguo, akamkagua mgongo, mapaja, hata nyuma ya masikio. Hakuona alama yoyote. Akamnusa mdomo. Ulitoa harufu tamu kama ya pipi, na kwenye bibu aliyofungwa shingoni kulikuwa na doa dogo jekundu.

"Mama," alisema jioni ile, "Ngurumo anapewa kitu kule."

"Kitu gani?"

"Sijui. Lakini anapewa."

Mama alikuwa ameitumbukiza miguu yake iliyovimba ndani ya beseni la maji. "Mwanangu, leo nimepiga pasi mashuka mia mbili. Usiniletee kesi isiyo na shahidi. Mtoto akilia mnalalamika, akinyamaza pia mnalalamika!"

"Lakini mama, kimya kingi kina mshindo."

"Mshindo utakuwa wa kofi langu. Unajua nikimkosa Bi Utulivu nitaikosa na kazi? Kumpaka mtu matope ni rahisi, kumsafisha ndiyo shughuli. Sitaki kulisikia tena jambo hili."

Inspekta aliacha kusema, ila hakuacha kushuku. Tangu siku hiyo kila kitu cha Bi Utulivu kilimtia mashaka: pazia lililoteremshwa mchana kweupe, kabati la juu lililofungwa kwa ufunguo, hata ile "karibu, mwanangu" yake yenye tabasamu pana. Wakati mwingine alijionea haya. Huenda mwanamke wa watu alikuwa mwema tu, na ubaya wote ulikuwa kichwani mwake yeye.

Siku ya Alhamisi walimu walikuwa na mkutano, wanafunzi wakaruhusiwa kuondoka saa nne asubuhi. Inspekta aliteremka zile ngazi sita na kuukuta mlango wa buluu uko wazi kidogo. Akainua mkono ili abishe, akaushusha. Alisikia sauti ya Bi Utulivu ndani.

"Kile cha asubuhi hakijakushika wewe? Kichwa kigumu kama jiwe! Haya, fungua mdomo. Kimoja. Na kingine."

Inspekta alichungulia. Watoto wanne walikuwa wamelazwa kwenye mkeka, wamepangwa vizuri, hakuna aliyejigeuza. Wa tano alikuwa Ngurumo, amepakatwa na Bi Utulivu, midomo yake imelowa wekundu. Mkononi mwa Bi Utulivu kulikuwa na kijiko cha chai na chupa ya kahawia.

Inspekta aliusukuma mlango. Alisahau hata kuamkia, kosa ambalo siku nyingine lingemponza.

"Umemnywesha nini, Bi?"

Bi Utulivu alishtuka, chupa ikaingia mfukoni mwa aproni. Haikuingia upesi kiasi cha kulishinda jicho la Inspekta. Lebo yake ilikuwa na picha ya mwanamume mwenye masharubu, ameshika kifua, anakohoa.

"Vitamini, mwanangu. Za kumpa nguvu. Mbona leo mapema hivi?"

"Kama ni za nguvu, mbona wote wamelala?"

"Nguvu huja kwa kulala! Nenda ukacheze, urudi saa tisa."

"Nitamchukua sasa hivi."

"Mwache alale, nimesema!"

"Atalala mgongoni kwangu," Inspekta akajibu. Alimtwaa Ngurumo, akambeba, akapanda ngazi bila kugeuka nyuma.

Barabarani alisimama. Nyumbani kulikuwa kulia, duka la dawa kushoto. Kama alikuwa amekosea, Bi Utulivu angetukanwa mtaa mzima bila hatia, mama angepoteza kazi, na yeye angeitwa mwongo hadi azeeke. Kisha akahisi kichwa cha Ngurumo kikianguka begani pake, na mate ya uvuguvugu yakimtiririka shingoni. Alimfinya mguu. Ngurumo hakushtuka. Inspekta akageukia kushoto, akaanza kukimbia.

Mfamasia, mwanamke wa makamo mwenye miwani minene, alikuwa akimhudumia mteja.

"Shikamoo, mama. Vitamini gani ina picha ya mtu anayekohoa?"

"Marahaba. Hakuna vitamini ya namna hiyo," mfamasia alijibu bila kuinua macho. Halafu akainua. "Chupa ya kahawia? Maji mekundu? Mwanamume mwenye masharubu?"

"Ndiyo. Huyu amepewa vijiko viwili sasa hivi, na cha asubuhi."

Mfamasia alimwacha mteja pesa zikiwa mkononi. Akamlaza Ngurumo juu ya meza, akamwita kwa nguvu, akamsugua nyayo. Ngurumo alifumbua jicho moja, akalifumba. Mfamasia alitazama kifua cha mtoto kikipanda na kushuka huku akiitazama saa yake.

"Anapumua polepole mno. Twende zahanati, sasa hivi!"

"Wamebaki wengine wanne," Inspekta alisema. "Kwa Bi Utulivu."

Mfamasia alitoka nje akamwita fundi wa kuchomelea. Fundi alitupa miwani yake ya kazi chini, akakimbia na vijana wake wawili kuelekea mlango wa buluu.

Zahanati haikuwa mbali. Daktari alimpokea Ngurumo, akamvika barakoa ya hewa, na muuguzi akambana kidoleni kifaa kidogo cha kupima kama hewa inamtosha mwilini. Haukupita muda, wale wanne nao wakaletwa. Wawili waliamka walipoitwa. Wawili ilibidi wavikwe barakoa kama Ngurumo.

Inspekta alikaa kwenye benchi. Mfamasia akakaa kando yake.

"Ile si vitamini," alisema. "Ni dawa ya mafua na kikohozi ya watu wazima, na ndani yake mna kitu kinacholeta usingizi. Ukiimeza inatoka tumboni inaingia kwenye damu, na damu inaifikisha kwenye ubongo. Ubongo ndio unaotoa amri zote: simama, tazama, tafuna, pumua. Dawa hii inazifanya amri hizo ziwe goigoi. Mtu mzima mwenye mafua atasinzia, basi. Mtoto mdogo, ikizidi, hata amri ya kupumua inaweza kukwama."

"Na Jumamosi? Mbona Jumamosi analia mno?"

"Mwili wake umeizoea. Ukiikosa, unadai kama mtu anayedai haki yake: hasira, kukosa usingizi, kulia. Tena mwili ukishazoea, kijiko kimoja hakitoshi. Vinakuwa viwili, kesho vitatu. Hapo ndipo watu wanapopotea."

Inspekta alifikiri kidogo. "Mwalimu alitufundisha habari za dawa za kulevya. Mimi nilidhani ni zile zinazouzwa vichochoroni tu."

"Mwanangu, ubongo hauulizi dawa imenunuliwa wapi. Kinacholevya kimelevya, kiwe cha kichochoroni au cha dukani kwangu."

Vijana wa fundi walikuwa wamekwenda kuwaita kina mama wa watoto wote. Mama alifika akikimbia, bado amevaa aproni ya kazini. Aliingia chumba cha watoto bila kubisha. Dakika chache baadaye akaja Bi Utulivu mwenyewe, analetwa na fundi, khanga imempwaya kichwani. Kina mama wengine walimvamia kwa matusi. Daktari aliwatuliza, kisha akamtaka mwanamke yule aitoe chupa na aseme kila kitu, maana tiba ya watoto ilitegemea ukweli wake.

Bi Utulivu aliilaza chupa mezani. "Vijiko vitatu yule mkorofi, wengine kimoja kimoja," alisema huku akilia. "Tangu mwezi juzi. Mgongo unaniuma, watoto ni watano, na mimi ni peke yangu. Mtu aliniambia dawa hii huwalaza. Mkaanza kunisifu. Mkaniletea watoto wengine. Ningewaambia nini? Wallahi, sikutaka kumdhuru mtu."

Hasira ilikuwepo, lakini sifa zile walikuwa wamezimwaga wao wenyewe, na kila mmoja alilikumbuka hilo.

Kufikia saa kumi alasiri Ngurumo aliizaba kofi ile barakoa, akaitupa sakafuni, na muuguzi akasema huyo sasa amepona. Wenzake wote wanne walikuwa wamekwisha kuamka. Ofisa wa ustawi wa jamii alikuja, akamchukua Bi Utulivu kwa mahojiano na kuifunga nyumba yake isitumike tena kulelea watoto. Baadaye kina mama walikwenda kwa pamoja kwa msimamizi wa kufulia wa hospitali alikofanya kazi mama yake Inspekta, wakapewa chumba cha kulelea watoto, kilichokuwa cha kuwekea ndoo, na walezi wawili wa zamu. Dawa yoyote ya mtoto ilipaswa kuandikwa na zahanati kwanza. Siku ile, hata hivyo, hayo yote yalikuwa bado.

Siku ile mama alikuwa amekaa kwenye benchi, Ngurumo amempanda mapajani. Inspekta alidhani atagombezwa kwa kutomtii.

"Nina kosa la kukiri," mama alisema. "Siku uliyoniambia kwamba anapewa kitu, mimi nilikuwa nimekwisha kuona. Usiku wa kwanza aliolala bila kuamka, niliweka mkono kifuani pake nione kama anapumua. Nilijua ule si usingizi wa mtoto. Lakini nilikuwa nimechoka. Nikamshukuru Mungu, nikalala na mimi."

Machozi yalimtoka, wala hakuyafuta.

"Hata mimi nilifurahi, mama," Inspekta alisema polepole. "Nilipata nafasi ya kufanya hesabu."

"Wewe ni mtoto. Mimi ndiye mama. Nilikunyamazisha wewe ili moyo wangu upate kunyamaza." Akamvuta karibu, akamshika mkono. "Sikiliza vizuri, nawe uwaambie na wenzako. Dawa ni ya mgonjwa, kwa kipimo chake, kwa kauli ya anayejua. Asiyeumwa akipewa dawa ili wengine wapumzike, huyo hatibiwi, analeweshwa, hata kama kijiko ni kidogo na dawa ni tamu. Na ukilishuku jambo baya, usilitangaze barabarani, wala usilimeze. Lipeleke kwa mtu mzima anayeweza kulipima, kama ulivyofanya leo. Mtu mzima wa kwanza akikufunga mdomo, mtafute wa pili, hata kama huyo wa kwanza ni mimi."