Pijo la Harusi Laenda Kukaguliwa

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Kaltuma alilifuta umande Pijo la babake, nyumbani kwao Shella, Malindi. Gari hilo lilinunuliwa kabla ya uhuru, na sasa ulikuwa mwaka wa 1986. Mabibi harusi wote wa ukoo walilipanda kwenda kwa waume zao. Ijumaa ilikuwa zamu ya dada yake, Shekha, naye Kaltuma alikwisha kuahidiwa kukaa ubavuni pake. Hakupata usingizi kwa furaha.

Lakini wiki hiyo wakaguzi wa magari walikuwa mjini, na gari lisilopita halikuruhusiwa barabarani. Mzee Zubeir, babake Kaltuma, hakuwa na wasiwasi. Injini ilinguruma vizuri na breki zilishika. Hakujua kuwa hewa ya chumvi ilikuwa imekula bati la chini, pale penye kiti cha nyuma.

Waliojua ni wawili: Kaltuma, aliyeliona tundu akifagia mchanga, na ami yake Omar, fundi wa mashua. Ami Omar hakuona tatizo. Maisha yake yote aliziba mashua kwa kalafati, basi akachovya pamba katika mafuta, akaishindilia tunduni kwa patasi na nyundo, kisha akapaka rangi nyeusi. Kaltuma ndiye aliyemsokotea pamba. Ami akamwambia anyamaze, wasimtie mzee wahaka bure, naye akakubali.

Jumanne baada ya shule wakaenda wote watatu, pamoja na mzee, kwenye uwanja wa ukaguzi. Magari mapya kuliko lao yalirudishwa, hili kwa taa, lile kwa usukani uliolegea. Mkaguzi, Bwana Laban, alijaribu breki za Pijo, akaingia uvunguni akigonga hapa na pale kwa nyundo ndogo. Akatoka akitabasamu, akasema magari ya umri huo huyaona jaani tu. Mzee Zubeir alifurahi akasahau kufuta jasho. Bwana Laban akachomoa kalamu.

Kaltuma alimtazama ami yake, naye akatazama kando. Akisema, huenda Shekha akakosa gari. Asiposema, Shekha atakalia pamba.

"Shikamoo, bwana mkaguzi. Chini ya kiti cha nyuma kuna tundu. Tumeliziba kwa pamba."

Bwana Laban akarudi uvunguni na bisibisi. Ikazama yote mpaka mpini. Akairudisha kalamu mfukoni, akasema paungwe kwa chuma, na kwamba yeye yupo hadi Alhamisi.

Hapo mbio zikaanza! Kitsao, fundi wa kuchomelea, alikata bati bovu upana wa sinia. Ami Omar mwenyewe alishikilia bati jipya huku cheche zikiruka, na Kaltuma akawaletea chai. Alhamisi, lango likikaribia kufungwa, bisibisi iligonga chuma ikateleza. Pijo likapita, na Kaltuma akarukaruka uwanja mzima.

Ijumaa, kati ya vigelegele, Shekha akapanda, Kaltuma ubavuni pake na Ami Omar mbele, kando ya Mzee Zubeir aliyeshika usukani. Njiani gari lilidunda kwenye shimo kubwa, wakacheka wote isipokuwa Mzee Zubeir.

"Mashua ikivuja, nahodha huyaona maji," alisema. "Chuma kikioza hunyamaza. Basi anayejua naye akinyamaza, nani atamwokoa aliyekaa juu yake? Mwanangu, Jumanne ulimwokoa dada yako."

Ami Omar akageuka nyuma. "Kaltuma, siku nyingine nikikwambia unyamaze, usinisikize."