Kijungu cha Zatuni

Nyumba ilianza kunuka tope. Wewe uliyewahi kukaa Wakra, karibu na Doha, mwezi wa Agosti utacheka, maana huko nje hata ukitema mate yanakauka kabla hujageuka, tope litoke wapi? Lakini Zuleikha aliisikia harufu hiyo asubuhi ya pili ya Ramadhani, mwaka elfu mbili na kumi na moja: harufu ya bwawa lililolala, majani yaliyooza, na samaki. Yeye ndiye mfanyakazi wa nyumba ile, mwanamke wa Tanga aliyelelewa kusugua sufuria mpaka kitako. Akamwaga dawa kwenye mifereji yote ya maji machafu. Akafua mapazia. Harufu ikahamia kwenye shuka.

Wenye nyumba walikuwa Wacheki. Bwana Pavel alikuwa mhandisi wa mitambo ya kutoa chumvi kwenye maji ya bahari. Mkewe aliitwa Zdena. Mtoto wao, Tom, alikuwa na miaka mitano, na kwa kila kitu isipokuwa kuzaliwa alikuwa mtoto wa Zuleikha. Alimwita Zuze. Tangu Ramadhani iliyopita alikuwa akikaa naye jikoni kusubiri adhana ya magharibi, na tende ya kwanza ilikuwa yake: anaipokonya mkononi mwa Zuleikha kabla haijafika kinywani, kisha anacheka mpaka kwikwi inamshika. Zuleikha hakujaaliwa kuzaa, na watu wa kwao walishamsema hadi wakachoka. Alimpenda mtoto yule. Nalisema wazi kwa sababu ndilo jambo lenyewe.

Bwana Pavel alikuwa na ugonjwa mmoja tu, ugonjwa wa kwao. Kule sebuleni aliweka meza kubwa, na juu yake alikitengeneza kijiji chao kizima kwa mbao na plasta. Kiliitwa Zatuni. Zuleikha alikiita Zaituni, jina la shangazi yake, na Bwana Pavel hakukasirika. Mgeni yeyote akija lazima asomeshwe. Mto huu unatoka kaskazini, unafika kwenye mwamba, unauzunguka pande tatu. Juu ya mwamba ngome, ndogo, mnara mmoja na vigae vyekundu. Chini yake nyumba chache, kanisa, kinu cha kusagia nafaka. Upande wa nne, ambako mto haukufika, bwana wa ngome wa miaka mia tano iliyopita aliwahamisha wakulima, akajenga tuta, akakizamisha kijiji chao cha kale ili afuge samaki. Baadaye Waswidi wakaichoma ngome. Ikajengwa tena. Vita vingine vikaja, wenye ngome wakakimbia, serikali ikaifanya ghala la ngano. Hao wote wamepita, na bwawa bado lipo.

Kila vuli wanakijiji hulikausha bwawa wavue samaki, na misingi ya nyumba za kale huonekana chini. Vuli moja, Bwana Pavel akiwa mtoto, aliokota topeni kijungu cha udongo kisichozidi ngumi, kimefunikwa na kuzibwa kwa nta. Hakukifungua. Alihama nacho Praha, akahama nacho Doha, akakiweka mezani kando ya bwawa lake la kioo.

Sasa Ramadhani inaingia, na mwanamke wa Tanga anasafisha nyumba. Angekiacha kijungu kina vumbi na tope la miaka yote hiyo? Zuleikha alikitia kwenye maji ya moto pamoja na vikombe. Nta ikayeyuka, kifuniko kikaachia, na povu moja likapanda juu ya maji na kupasuka. Alisikia kama mtoto anayeshusha pumzi akiamka usingizini. Akakifuta, akakianika karibu na sinki.

Jioni Zdena alikiona. Akavuta kiti akakaa.

"Nani amekifungua?"

"Mimi, madamu. Kilikuwa kichafu."

Zdena alitazama mlangoni kwanza, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Kwetu wanasema bwawa lina mwenyewe. Mzee wa koti la kijani. Ncha ya kushoto ya koti inachuruzika maji hata akiwa nchi kavu. Mtu akizama, mwili anawaachia ndugu. Anachotaka yeye ni pumzi. Anaitia kijunguni, inafunikwa, basi. Mume wangu anasema ni hadithi za mabibi."

"Na kikifunuliwa?"

"Pumzi inakwenda zake. Na mwenyewe anakuja kutafuta nyingine."

"Kwetu huyo tungemwita jini," alisema Zuleikha, na usiku huo alilala chini, kando ya kitanda cha Tom.

Siku zilizofuata kioo cha bwawa pale mezani kilikutwa na maji. Wakikifuta, kinalowa tena. Alasiri, wakati Wakra yote imejifungia na jua la nje halina huruma, Zuleikha alikuwa akisikia matone yakipita ukumbini, tone, kimya, tone, na akitoka anakuta mstari wa maji sakafuni, upande wa kushoto tu, unaoelekea mlango wa uani, kwenye bwawa la kuogelea. Tom alikuwa akisimama mlangoni hapo, amebandika kiganja kwenye kioo cha mlango.

"Unaongea na nani, mpenzi?"

"Na babu. Anasema maji ya kwake ni baridi, Zuze. Anasema humo ndani mna nyumba."

Basi akampigia simu Maalim Abubakari. Huyu alikuwa Mpemba, mlinzi katika mnara mmoja wa West Bay kule Doha, anakaa mtaa wa Najma, na akitoka kazini huwasomea wenzake wenye mashaka. Alikuja saa moja kabla ya futari, Bwana Pavel akiwa kazini, na Zdena mwenyewe ndiye aliyemfungulia.

"Maalim, Ramadhani si wamefungwa hawa mashetani?" Zuleikha alimnong'oneza.

"Wamefungwa, mwanangu. Lakini huyu wa wapi? Sijui kama habari imemfika."

Akamkalisha Tom kwenye kochi, akamshika utosi, akaanza kusoma. Aliposoma Ayatul Kursiyyu mara ya tatu mtoto alifumbua kinywa akasema kwa sauti ya mzee, taratibu, bila hasira, kwa lugha ya kwao. Abubakari alimuuliza kwa Kiarabu, akamuuliza kwa Kiswahili. Sauti ikaendelea na lugha yake. Zdena alikuwa ameziba mdomo.

"Anasema nini, mama?"

"Anasema hakuja kugombana. Alikuwa nacho kimoja, sasa hana."

"Mwambie arudi kwao. Na kijungu chake kitarudi, tutakipeleka."

Zdena alimwambia. Mtoto akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyekubali bei, akanyamaza. Hapo hapo adhana ikalia msikitini. Maalim akageuka kuchukua maji, Zdena akageuka kulia, Zuleikha akakimbilia tende jikoni ili amletee mtoto wake ile ya kwanza, na ule muda mdogo wa watu watatu kugeuka, mdogo kuliko kumeza funda, ulitosha, kwa sababu aliporudi na tende mkononi kochi lilikuwa tupu na limelowa, mlango wa uani u wazi, harufu ya tope imejaa nyumba mpaka inakaba koo, na kule nje, katikati ya maji ambayo mchana kutwa yalikuwa ya moto na sasa yalimkata miguu kwa baridi alipojitupa ndani na nguo zake zote, Tom alikuwa amelala chini kabisa, macho wazi, ametulia.

Walimtoa. Maalim alimkandamiza kifua mpaka maji yakamtoka, akakohoa, akavuta hewa. Zdena alimfunika kwa mwili wake mwenyewe. Alhamdulillahi, walisema, na hata Zdena alisema.

Zuleikha alirudi jikoni. Giza lilikuwa limeingia na vyombo vilikuwa wazi. Tangu utotoni alifunzwa kwamba magharibi ikiingia chombo hakiachwi wazi, shetani asije akaingia. Mikono ilijiendea yenyewe. Akafunika uji, bismillahi. Akafunika mtungi wa maji, bismillahi. Akafunika kijungu kilichokuwa karibu na sinki, bismillahi, na kifuniko kikashika kama kimepigwa gundi.

Papo hapo harufu ikakatika. Maalim alinusa hewa akasema, "Amekwenda."

Hospitali walisema mtoto mzima, mapafu safi. Kesho yake Bwana Pavel, ambaye sasa hakubisha tena, alikata tiketi ya kukirudisha kijungu kwao. Zuleikha ndiye aliyemkabidhi kijungu mlangoni, kimefungwa kwa kitambaa. Alipokuwa akimpa alisikia nyuma yake, au karibu zaidi, sauti ndogo ikimwita, "Zuze." Akaitika, "Naam, mpenzi," akageuka. Tom alikuwa kwenye kochi, anaitazama meza ya kijiji. Gari likaondoka.

Siku ya tatu, karibu na magharibi, simu ililia. Bwana Pavel alikuwa juu ya tuta la Zatuni. Zdena alisikiliza, akacheka kwa mara ya kwanza tangu siku ile. "Amekitupa katikati kabisa, Zuleikha, palipo na kijiji cha kale. Kimezama. Yamekwisha."

Zuleikha alishukuru, akaenda jikoni. Tom alikuwa kitini pake, mikono mapajani. Adhana ikalia. Zuleikha akachukua tende, akaipeleka kinywani polepole, akimngoja aipokonye. Hakuipokonya. Akamwekea kiganjani, ikaanguka, naye hakuitazama.

"Tom. Niite. Mimi nani?"

Mtoto alimtazama bila kupepesa. Tangu atolewe majini hakuwa ametamka jina la Zuze hata mara moja, na Zuleikha alilijua hilo sasa hivi tu, na akajua pia ile sauti ya mlangoni ilitoka ndani ya kijungu, na ni mkono wa nani uliokifunika.

Shati la mtoto lilikuwa kavu, limetoka kupigwa pasi. Ncha ya mkono wake wa kushoto, wa shati, ilidondosha tone moja sakafuni.